Ya Barazani Hayapandi Kizimbani

Barua za safari hii karibu zote zimeuliza jambo moja kwa njia tofauti: mahkamani mtu anaruhusiwa kusema lipi, na kwa nini lile analolijua mtaa mzima hukataliwa na hakimu. Tumechagua saba na kuzifupisha. Kwa kesi ambazo bado zinasikilizwa, tumejibu kanuni tu, si kesi.

Suali: “Jirani akanambia”

Vespa yangu iliibiwa usiku nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa nimelala. Asubuhi jirani akanambia kuwa mwanawe, alipokuwa akienda kusali alfajiri, alimuona mtu tunayemjua sote akiisukuma kuelekea barabara kubwa. Nilikwenda kituoni nikalitaja jina. Siku ya kesi nimeanza tu kusema “jirani akanambia”, wakili wa upande wa pili akasimama na hakimu akaninyamazisha. Hivi mtu hufungwa mdomo kwenye mali yake mwenyewe?
— Msomaji, Jang'ombe

Jawabu

Hakimu hakukuonea. Jina ulilolitaja limepita midomo miwili kabla ya kufika wako: kijana kamwambia mzazi, mzazi kakwambia wewe. Wakili wa mshtakiwa angetaka kuuliza: Taa ilikuwepo? Alikuwa hatua ngapi? Alimuona uso au mgongo? Alimjua kwa mwendo au kwa kofia? Hata moja usingeweza kulijibu, kwa sababu macho yaliyoona si yako. Barazani tunasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mahkama inataka lije lenyewe, lile kiapo, na liulizwe.

Kanuni ni kwamba ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja. La kuonekana aliseme aliyeliona, la kusikika aliseme aliyelisikia. Kwetu Zanzibar msingi huo umo katika Sheria ya Ushahidi Namba 9 ya 2016, iliyochukua nafasi ya Dikrii (yaani sheria) ya Ushahidi ya zamani, Sura ya 5. Dikrii ile ilifuata Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, na ndiyo maana mawakili wa hapa mpaka leo husoma hukumu za India.

Lakini usidhani neno “akanambia” lenyewe ni haramu. Linalopimwa ni kazi unayotaka neno hilo lifanye. Ukilileta ili mahkama iamini kuwa kilichosemwa ni kweli, hapo ni ushahidi wa kuambiwa. Ukilileta kuonesha tu kwamba lilisemwa, na kwa kusemwa kwake likasababisha jambo, linapokelewa. Mfano unaosomeshwa kila mahali ni wa Subramaniam, mtu wa Malaya aliyehukumiwa kifo kwa kukutwa na risasi 20. Utetezi wake ulikuwa kwamba waasi walimteka na kumtishia. Jaji akamkataza kuyasema maneno waliyomwambia, eti ni ya kuambiwa. Mwaka 1956 Baraza la Rufaa la London (Privy Council), lile lile lililokuwa kilele cha rufaa za Zanzibar enzi hizo, lilimwachia huru: maneno yale hayakuletwa ili ijulikane kama ni kweli, yaliletwa kuonesha khofu iliyomuingia aliyeyasikia.

Kwa hiyo unaweza kusema: “Jirani alinigongea akanambia chombo hakipo, ndipo nikatoka.” Hilo linaeleza kwa nini ulitoka. Huwezi kuendelea: “na akanambia fulani ndiye mwizi.”

La kufanya sasa ni kumuona muendesha mashtaka na kumuomba kijana aandikwe maelezo na aitwe kwa hati ya wito. Na mzazi wake asiachwe. Kama kijana alilitaja jina alfajiri ile ile, mzazi anaweza kueleza kuwa aliambiwa asubuhi hiyo. Maneno ya mzazi hayathibitishi wizi, ila yanaonesha kuwa kijana hakulitunga jina wiki mbili baadaye. Mahkama ya Rufani ya Tanzania ilisema katika kesi ya Marwa Wangiti Mwita (2002) kuwa shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema ni dalili kubwa ya kuaminika kwake, na kuchelewa bila sababu kunatia shaka.

Wewe mwenyewe una mengi ya kusema ambayo hayana mpinzani: uliiegesha saa ngapi, ufunguo ulikuwa wapi, uliikuta kufuli katika hali gani, na kadi ya usajili yenye namba ya chesisi na ya injini. Watu huyapuuza haya wakakimbilia jina la mwizi, ilhali bila ya haya hakuna hata uthibitisho kuwa kuna kilichoibiwa.

Suali: Maneno ya marehemu

Ndugu yangu alichomwa kisu katika ugomvi wa mpaka wa mikarafuu. Aliishi saa chache hospitali, akatutajia mimi na mke wake aliyemchoma. Wapo wanaosema maneno ya maiti hayafai kwa kuwa maiti haulizwi. Wengine wanasema ndiyo ya kweli kuliko yote, kwani anayekufa hasemi uongo. Tushike lipi?
— Msomaji, Wete

Jawabu

Msishike lolote kati ya hayo mawili. Maneno ya marehemu juu ya sababu ya kifo chake, au juu ya mambo yaliyopelekea kifo hicho, yanapokelewa katika kesi ya kifo hicho ingawa ni ya kuambiwa. Hakuna njia nyengine ya kumsikia, na pasingekuwa na ruhusa hii muuaji angenufaika kwa kumuua shahidi.

Uingereza ya zamani ilitaka msemaji awe amekwishakata tamaa ya kuishi. Sheria ya India, ambayo ndiyo mama wa yetu, haikudai hivyo. Katika shauri la Pakala Narayana Swami, lililoamuliwa London mwaka 1939, mtu alimuaga mkewe kuwa anakwenda Berhampur kuchukua pesa zake. Siku chache baadaye maiti yake ikakutwa ndani ya sanduku la chuma kwenye treni. Alipoaga alikuwa mzima na hakuwa na habari ya kifo. Maneno yake yalipokelewa hivyo hivyo, kwa sababu yalihusu safari iliyompeleka kwenye mauti.

Kupokelewa ni jambo moja, kuaminiwa ni jengine. Mahkama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikisikiliza rufaa za Zanzibar pia, ilieleza katika Jasunga (1954) kuwa hakuna sheria inayokataza kumtia mtu hatiani kwa maneno ya marehemu peke yake, lakini kwa kawaida si salama kufanya hivyo bila ya ushahidi mwengine wa kuyaunga mkono. Marehemu hakula kiapo wala hakudodoswa. Mtu aliyechomwa gizani anaweza kukosea kwa nia safi kabisa, akamtaja yule aliyegombana naye mchana.

Basi kazi yenu wawili ni kuyatoa maneno kama yalivyotoka. Kama alisema “kanichoma Ali”, msiandikishe “marehemu alimtambua mshtakiwa”. Na Ali yupi? Pemba nzima imejaa Ali. Alitaja jina la baba, la utani, au mahali anapokaa? Alilitoa mwenyewe, au mtu alimuuliza “ni fulani?” naye akatikisa kichwa? Kutikisa kichwa kunakubalika, ila suali lililoulizwa lazima lielezwe nalo. Elezeni pia nani mwengine alikuwepo chumbani, alikuwa ameshapewa dawa ya usingizi au bado, na alikuwa akijua yuko wapi. Muuguzi wa zamu ni shahidi mzuri hapa kwa kuwa hana undugu na upande wowote.

Kosa kubwa la familia ni kukaa pamoja “kupanga” maelezo. Maelezo mawili yakifanana neno kwa neno, suali la mwanzo la wakili litakuwa: nani aliwasomea? Tofauti ndogo ndogo baina ya mke na ndugu ni za kawaida na haziangushi kesi.

Majeruhi akipona, mlango huu unafungwa. Hapo atapanda kizimbani aseme mwenyewe.

Suali: Sheha si shahidi wa kutosha?

Sheha wetu alisema mahkamani kuwa shehia nzima inajua kijana yule ni mwizi. Hakimu hata hakuandika. Si kiongozi huyo?
— Msomaji, Makunduchi

Jawabu

Ni kiongozi, lakini sentensi ile ina makosa mawili. “Shehia nzima” haiwezi kuapishwa. Na sifa mbaya ya mtu haithibitishi kuwa alitenda kosa hili; upande wa mashtaka hauruhusiwi kuileta ila mshtakiwa akianza yeye kujisifu kwa wema. Sheha ana thamani kubwa pale alipokuwepo wakati wa upekuzi: aseme aliingia chumba gani, kitu kilitolewa chini ya kitanda au juu ya kabati, nani alikitoa, na saini yake iko wapi kwenye hati ya kukamatia mali. Akijibu hayo matatu manne kwa uhakika, ameifaa kesi kuliko hotuba.

Suali: Vitisho vya WhatsApp

Mtu ananitishia kwa ujumbe wa maandishi na wa sauti. Nilipiga picha za skrini, nikamtumia dada yangu azitunze, kisha nikabadilisha simu. Kituoni naambiwa picha hizo hazina nguvu.
— Msomaji, Malindi

Jawabu

Nguvu zinayo, ila umezipunguza mwenyewe. Kwanza tuondoe wasiwasi mmoja: vitisho hivyo si ushahidi wa kuambiwa. Ni maneno ya mshtakiwa mwenyewe, na kuyatamka ndilo kosa lenyewe. Mashaka yako kwengine: je, ni yeye kweli, na je, hayajaguswa?

Mahkama huangalia ujumbe ulitengenezwa vipi, ulihifadhiwa vipi, na mtumaji anajulikanaje. Picha ya skrini inajibu kidogo sana. Jina linaloonekana juu yake ni lile ulilolihifadhi wewe. Mtu anaweza kuihifadhi nambari yoyote kwa jina la amtakaye. Fungua wasifu wake ili nambari kamili ionekane, kuanzia 255. Picha uliyomtumia dada nayo imebadilika: simu yake inaonesha saa uliyomtumia wewe, si saa ya kitisho.

Simu ya zamani kama bado unayo, usiiuze Darajani hata kama kioo kimepasuka. Usifute mazungumzo, na kama mmewasha ile huduma ya ujumbe kujifuta wenyewe, izime leo. Hamisha mazungumzo yote pamoja na sauti, usichague vipande. Unapoikabidhi simu kituoni, iandikwe aina, rangi na namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, utie saini na upewe nakala. Halafu tengeneza karatasi yako: tarehe, saa, na kwa ufupi kilichosemwa, ukiiandika wakati bado unakumbuka. Karatasi hiyo huenda isipokelewe kuwa kielelezo, lakini itakusaidia kutokosea tarehe utakapotoa maelezo.

Polisi wanaweza kuiandikia kampuni ya simu kujua laini imesajiliwa kwa nani. Usishangae ikawa ya mama yake au ya mtu wa shamba asiyejua lolote. Hilo hutokea mno. Hapo sauti ndiyo itakayosaidia. Shahidi anayeijua sauti aeleze ameijuaje: miaka mingapi, wakizungumza wapi, mara ngapi kwa wiki. “Naijua tu” haitoshi.

Na usimjibu kwa matusi. Mazungumzo yakisomwa, yatasomwa yote, na yako yamo.

Zile sauti zinazozungushwa kwenye makundi, “jamani nimesikia kuwa…”, msihangaike kuzileta. Msemaji hajulikani, na yeye mwenyewe kasikia.

Suali: Saini ya kituoni

Mwanangu alitia saini maelezo ya onyo kituoni, yale yanayoandikwa mtuhumiwa akishaonywa kuwa atakalosema laweza kutumiwa dhidi yake. Anasema alipigwa. Tulisubiri zamu yake ya kujitetea ndipo akalieleza hilo, tukaambiwa tumechelewa. Kuna kuchelewa katika kusema kweli?
— Mzee, Mkokotoni

Jawabu

Kuna, mzee wetu. Wakati wa kupinga ni pale polisi aliyeandika anaposimama na kuomba karatasi ipokelewe. Hapo hapo mshtakiwa au wakili wake aseme: tunapinga, na sababu ni hii. Hakimu husimamisha kesi kubwa na kufungua kesi ndogo ndani yake, ya suali moja: maelezo yalitolewa kwa hiari au la? Mzigo uko kwa upande wa mashtaka. Si kazi ya mwanao kuthibitisha kuwa alipigwa. Ni kazi yao kuthibitisha kuwa hakupigwa wala kuahidiwa kitu. Wakishindwa, karatasi inakwenda kando, hata kama iliyoandikwa ni kweli tupu.

Lakini tofautisheni makano mawili. “Niliyasema ila nililazimishwa” ndiyo inayofungua kesi ndogo. “Sikusema kabisa, hata saini si yangu” haifungui. Hilo hupimwa mwishoni pamoja na ushahidi wote. Katika Tuwamoi, shauri la Uganda la 1967 linalotumika mpaka leo kwetu, mahkama ilisema hakimu ayaangalie kwa hadhari maelezo ya aina zote mbili, na kwa kawaida atake kitu cha kuyaunga mkono, isipokuwa akiridhika kuwa hayawezi kuwa ila kweli.

Karatasi ikishapokelewa, bado hakimu ana wajibu wa kuyapima aliyoyaeleza mwanao alipojitetea. Tafuteni cheti cha hospitali, saa ya kukamatwa na saa maelezo yalipoandikwa. Angalieni pia kumbukumbu za mahkama: je, karatasi ilisomwa kwa sauti kabla ya kupokelewa? Hukumu ya Robinson Mwanjisi (2003) inakataza hilo. Kielelezo huelezwa ni nini, hupokelewa, kisha ndipo husomwa. Kikisomwa mwanzo, sumu imeshaingia sikioni kwa hakimu.

Suali: “Siwezi kusema mimi badala yake?”

Binti yangu wa miaka tisa alifanyiwa udhalilishaji na mtu wa karibu na nyumba. Alinambia siku ile ile. Wazee wanasema ni muhali, yaani watu wa karibu tuoneane haya, na mimi sitaki asimame mbele za watu. Si yatosha niseme mimi, na daktari atoe PF3, ile fomu ya polisi anayoijaza yeye?
— Mama, Mkoani

Jawabu

Pole sana, mama. Haitoshi, na ni bora ulijue sasa kuliko siku kesi itakapofutwa.

Mahkama ya Rufani iliamua katika Selemani Makumba (2006) kuwa ushahidi bora wa makosa haya ni wa aliyetendewa mwenyewe. Mtoto akiaminiwa, neno lake linaweza kusimama hata bila ya shahidi mwengine. Neno lako, “binti kanambia kuwa fulani alimfanya hivi”, haliwezi kubeba kesi peke yake. PF3 nayo inaeleza kilichoonekana mwilini. Daktari hakuwepo na hamjui aliyetenda. Zaidi ya hapo, mshtakiwa ana haki ya kutaka daktari aitwe na kuulizwa, na fomu iliyopokelewa kwa kumnyima haki hiyo huondolewa kwenye rufaa.

Hayo hayakufanyi wewe kuwa shahidi wa bure. Sema ya macho yako: alirudi saa ngapi, alikuwa analia au kimya, nguo zilikuwaje, alitembea vipi, ulimkagua lini. Kwamba alikwambia siku ile ile, bila kukawia, linasemwa pia, na lina uzito kwa kuwa mtoto aliyenyamaza miezi sita ataulizwa kwa nini. Umri nao ni juu yako: lete cheti cha kuzaliwa, au mzazi utaje tarehe kwa kiapo. Kesi nzuri zimeharibika kwa kuwa hakuna aliyetaja umri, kila mmoja akidhani mwenzake ameshautaja.

Kwa wasomaji ambao jambo hili likiwafika leo: msimuogeshe mtoto, msifue nguo. Kila nguo iingie mfuko wake wa karatasi, si wa plastiki, kwa kuwa plastiki hufungia unyevu na alama zikaoza. Nendeni kituo cha Mkono kwa Mkono hospitali, ambako polisi, daktari na mshauri huonwa pahala pamoja. Fikeni mapema: dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinataka zianzwe ndani ya saa 72.

Kuhusu kusimama mbele za watu, omba kesi isikilizwe faragha, milango ikafungwa na wasiohusika wakatoka. Hakimu humuuliza mtoto maswali mepesi kwanza, ajue kama anaelewa anachoulizwa na anajua maana ya kusema kweli. Usimfundishe majibu. Mtoto wa miaka tisa anayesema kama kitabu cha sheria anatia shaka, na wakili atauliza maneno hayo kayatoa wapi. Akisema “alinifanyia tabia mbaya”, mwache aseme hivyo. Mahkama ya Rufani imeshakubali kuwa watoto hawayataji mambo haya kwa jina, na hakimu ataelewa kutokana na maelezo mengine.

Na muhali wa wazee, kwa heshima zao, hauna nafasi kwenye jalada. Kesi ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka, si ya ukoo, na mkeka wa sulhu haumfungi. Wazee wanachoweza kufanya ni kumzuia mtoto asifike. Asipofika, na kwa kuwa hakuna wa kusema kwa niaba yake, kesi inakufa. Kanuni hii ya ushahidi wa kuambiwa, iliyowekwa kumlinda mshtakiwa na uvumi, katika kesi za nyumbani ndiyo inayomfaa zaidi mwenye makosa ambaye jamaa wamemwekea muhali. Hatuwezi kulisema kwa upole zaidi ya hapo.

Suali: Karafuu zangu nazijua

Niliibiwa magunia matatu ya karafuu kavu. Polisi wakakamata magunia matatu kwa mtu, nami nikasema mahkamani kuwa ni zangu, karafuu zangu nazijua. Ameachiwa. Wakili wake alishughulika na mizani tu na ghala, siku nzima.
— Mkulima, Mtambwe

Jawabu

Wakili yule alijua anachokitafuta. Karafuu haina uso. “Nazijua” ni dai, na kila mkulima wa Mtambwe anaweza kulisema mbele ya gunia lolote. Alama inayokubalika ni ile ya peke yake, na uliyoitaja kabla hujaoneshwa mali: kiraka cha uzi mwekundu, herufi upande wa ndani, fundo la namna yako. Ukiitaja baada ya kuliona gunia, imeshapoteza thamani.

Mizani na ghala ni mnyororo wa utunzaji wa kielelezo. Paulo Maduka ndiyo hukumu inayotajwa kila mara: kuwe na kumbukumbu, kwa mfuatano, kuanzia kukamatwa, kuhifadhiwa, kukabidhiana, kupimwa, hadi kufika mahkamani. Gunia likiandikwa kilo 50 siku ya kukamatwa na kilo 47 siku ya kesi, lazima pawe na mtu wa kueleza kilo tatu zimekwenda wapi. Pengine karafuu hazikuwa zimekauka sawasawa, zikapungua maji ghalani, na hilo kila mtu wa Pemba analijua. Lakini hakimu hawezi kulijaza yeye. Aseme mtunza ghala, kwa kiapo, na rejista mkononi. Dawa za kulevya ndizo zinazobanwa zaidi kwa kanuni hii: unga wa gramu chache hubadilishwa kwa dakika moja, kwa hiyo kila mkono uliopokea bahasha, mpaka kwa Mkemia Mkuu na kurudi, utaulizwa. Vespa yenye namba ya chesisi haibanwi hivyo, kwani haigeuki nyengine ikiwa njiani.

Msimu ujao, kabla ya kushona gunia, tia ndani kitu kidogo chenye alama yako, kipande cha ukuti kilichokatwa kwa namna unayoijua au bati lenye herufi, kisha andika kwenye daftari tarehe, uzito na umetia nini. Daftari likae ndani. Ukiibiwa, kitaje kituoni siku ya mwanzo, na uhakikishe kimeandikwa kwenye maelezo yako kabla ya kutia saini.